Walimu Kumi na Sita

14 Januari

Mzazi mwenzangu, Mheshimiwa Naibu Waziri wa Elimu,

Sisi huku wazima. Natumaini nanyi huko wazima, mwanao, binti yangu na mjukuu wetu. Salamu zimekwisha.

Nimekupigia simu mara sita. Msaidizi wako anasema uko kikaoni. Kwa hiyo naandika.

Juzi saa nne asubuhi tulikuwa ofisini kwa walimu, tunakunywa chai ya mapumziko, redio inarusha kikao cha Bunge. Tukaisikia sauti yako. Mwalimu wa hisabati, yule tunayemwita Chaki Mbili, akaongeza sauti akaniuliza, "Mama, huyu si mkwe wako?" Nikasema ndiye, tena kwa fahari. Fahari yenyewe haikufika dakika mbili.

Ulitaja kwa majina shule kumi zilizoshika mkia katika mtihani wa darasa la saba. Yetu ukaitaja mara mbili, kana kwamba waheshimiwa wana uziwi. Kisha ukasema maneno haya, nimeyaandika nyuma ya daftari la mahudhurio: "Serikali imetimiza wajibu wake. Walimu wapo, vitabu vipo. Kilichokosekana ni moyo wa kazi. Wako walimu wanaopokea mshahara kwa kusinzia." Wenzako wakapiga meza. Ukaongeza kwamba fedha za ukarabati sasa zitaenda kwa shule zinazofaulu, na sisi wakuu wa shule hizo kumi, tusipojirekebisha mwaka huu, tutavuliwa vyeo.

Hakuna aliyemaliza chai yake. Mwalimu wa darasa la kwanza, aliyefundisha siku ile tangu saa moja na nusu huku ana homa, aliinuka akaenda kusimama dirishani, akatupa mgongo.

Mwaka jana nilikuwa na watoto mia moja na kumi na wanane darasa la saba, chumba kimoja. Walikaa wanne dawati moja, na waliokosa dawati wakakaa chini wakiandikia mapajani. Paa la chumba hicho nimeliombea mabati kwa barua tano. Unataka shule inayovuja ifaulu kwanza ndipo izibwe. Mheshimiwa, ni mgonjwa gani huambiwa apone kwanza ndipo apewe dawa?

Nakuomba uyafute maneno yako palepale ulipoyasemea.

Ni mimi,
Mwalimu Mkuu, mama wa mkamwana wako


22 Januari

Mzazi mwenzangu,

Nakuandikia kwa mkono wangu ili barua hii isipite kwa katibu muhtasi. Heshima hiyo nimekupa kwa sababu ya watoto wetu. Mwalimu mkuu mwingine angejibiwa na afisa wake wa wilaya.

Nilipokuwa nasoma orodha ile sikuwa mkwe wa mtu. Kazi ni kazi, ukwe ni ukwe. Ningeiruka shule yako, leo magazeti yangeandika kwamba nawalinda jamaa zangu.

Unalalamika juu ya paa. Watoto hawafeli kwa sababu ya paa. Tuje kwenye hesabu, maana wewe ni mwalimu. Shule yako ina wanafunzi mia tisa na kumi na wawili, na walimu kumi na sita. Ipo shule nyingine, wilaya ya jirani na yako, ina wanafunzi karibu sawa na hao na walimu kumi na mmoja tu. Imefaulisha mara tatu yako. Wale kumi na mmoja wanakula nini ambacho kumi na sita wako hawali?

Serikali haiwezi kuingia darasani kushika chaki. Inapeleka mwalimu, inamlipa, basi. Akifika akakaa kivulini, wa kumwinua ni mkuu wake. Sitafuta neno hata moja.

Mjukuu wetu hajambo. Anasoma vizuri, wako ishirini na wawili darasani, na tayari anaunganisha silabi.

Naibu Waziri


30 Januari

Mheshimiwa,

Kumi na sita!

Niliposoma nilicheka mpaka mlinzi akaja kuuliza kuna nini. Hebu njoo uwahesabu. Ninao saba, na wa saba ni mimi mwenyewe, ninayefundisha darasa la tano na la sita kisha nikitoka hapo ndipo nakuwa mkuu wa shule.

Unajua kwa nini yule wa hisabati anaitwa Chaki Mbili? Kati ya darasa la sita na la saba kuna mlango. Yeye husimama katikati ya mlango ule, ubao mmoja kushoto na mwingine kulia. Anaandika swali huku, anageuka, anaandika lingine kule. Watoto wa nyuma wanaona bega lake tu. Hiyo ndiyo hisabati uliyoisoma bungeni kwamba tumepata wastani wa kumi na tisa.

Wa darasa la kwanza ana watoto mia moja na thelathini. Akiita majina yote asubuhi, kipindi kimekwisha, kwa hiyo ameacha kuita. Mtoto akiwa hayupo siku tatu tunajua pale mzazi anapokuja kulalamika.

Wanaosinzia ni wepi hapo? Kuna methali ya nyani, mzazi mwenzangu, ila ukwe unanizuia kuimalizia.

Mwalimu Mkuu


9 Februari

Mwalimu Mkuu,

Mbele yangu iko fomu ya takwimu ya mwaka jana kutoka shuleni kwako. Kipengele cha nne: idadi ya walimu waliopo kituoni. Kumi na sita. Majina kumi na sita yameandikwa kwa mwandiko ninaoufahamu vizuri, kwa maana ndio uliojaza bahasha ninazozipokea sasa. Chini kuna saini yako na mhuri wa shule. Nimeagiza niletewe na za miaka miwili ya nyuma. Nazo ni hivyo hivyo.

Kwa hiyo ama uliidanganya serikali miaka mitatu, ama unanidanganya mimi leo. Chagua mwenyewe. Kudanganya kwenye fomu ya serikali ni kosa, na mtu hufukuzwa kazi kwa hilo, hatolewi cheo tu.

Nakushauri kama mtu mzima mwenzako. Orodha ile usiichokonoe. Usianze kuhesabu jina moja moja nani yupo na nani hayupo. Unakumbuka vizuri uliwahi kuniandikia barua nyingine, ya unyenyekevu kuliko hizi, wakati nikiwa Mkurugenzi wa Utumishi. Ninayo bado. Kwa faida ya watoto wetu, tuishie hapa.

Naibu Waziri


15 Februari

Mama mpenzi,

Shikamoo. Baba mkwe alipita hapa jana jioni. Hakukaa. Alisimama sebuleni amevaa viatu, akamwambia mume wangu, "Mwambie mkeo amshauri mama yake." Mume wangu akauliza amshauri nini. Akasema, "Yeye anajua." Kisha akambusu mtoto akaondoka.

Mama, mimi sijui. Au niseme kweli: najua kidogo, na sijawahi kutaka kujua zaidi. Niko hapa ofisi ya takwimu ya wizara mwaka wa tatu, kwa kuazimwa, ndivyo nilivyoambiwa. Lakini kwenye hati yangu ya mshahara, pale panapoandikwa kituo cha kazi, bado pameandikwa shule yako. Nilijiambia ni uzembe wa makarani. Miezi thelathini na kitu, kila mwezi nafungua hati, nasoma pale, naikunja.

Na kuna hili. Lile jedwali alilolisoma bungeni, nililichapa mimi. Nilipofika kwenye mstari wa shule yako nikaona kumi na sita. Nilisimamisha vidole. Najua mko wangapi, Mama. Kisha simu ikalia, wanataka jedwali haraka, nikaendelea na mstari wa chini yake.

Niambie ukweli. Mimi ni mmoja wa hao kumi na sita?

Mwanao


20 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Ndiyo. Jina lako ni la kumi na moja. Nimeliandika kwa mkono wangu mara tatu.

Sitaki ulisikie kwa mtu mwingine, basi sikiliza. Ulipokuwa unaishi na mimi hapa, mtoto ana miaka mitatu, mumeo yuko mbali anakuja mara mbili kwa mwaka, nilikuwa nakusikia unavyojikaza usilie. Nikamwandikia baba mkwe wako. Nilimwomba, nikamsihi, nikamwita kila jina la heshima ninalolijua, amhamishe mwanangu akakae na mume wake. Akakuhamisha kwa wiki mbili. Ila hakukuhamisha. Alikuazima, nafasi yako ikabaki kwangu, na nafasi ikiwa na jina haijazwi na mwalimu mwingine.

Hukuwa wa kwanza. Mmoja ni marehemu, nilishika jeneza lake mwenyewe, na kwenye orodha bado anafundisha sayansi. Wawili walikwenda masomoni mwaka wa tano sasa. Mmoja amestaafu. Mmoja alifuata mume. Watatu wamo maofisini kama wewe, kila mmoja ana mkubwa wake. Jumlisha na wewe, tisa.

Mwaka ule ulipoondoka niliandika saba. Afisa elimu wa wilaya aliirudisha fomu mkononi mwangu. Akasema, "Mwalimu, ukiandika saba, tutaulizwa tisa wako wapi. Tutaanza kujibu na binti yako." Alisema huku anatabasamu, ananipa kalamu. Nikaandika kumi na sita. Mwaka uliofuata hakuhitaji kuniambia.

Kwa hiyo Naibu Waziri hakosei anaponiita mwongo. Anakosea kujifanya hajui uongo wenyewe una mlango gani. Wewe nyamaza. Lea mtoto wako. Haya ni yangu na yake.

Mama yako


2 Machi

Mwalimu Mkuu,

Nilidhani tumeelewana. Kumbe ulikuwa unanivuta shati kwa mbele huku unanichoma kwa nyuma.

Jana mbunge wenu wa upinzani, yule wanayemwita Kipaza, alisimama akauliza: "Naibu Waziri anajua kwamba katika shule aliyoitukana hapa, mwalimu mmoja aliyeorodheshwa ni marehemu?" Bunge likaangua kicheko. Kisha akasoma majina tisa. Aliyasoma yote, moja baada ya jingine, na la binti yako akalisoma polepole, akauliza ni mkamwana wa nani. Spika ameagiza kamati ije shuleni kwako mwisho wa mwezi.

Umemtoa mwanao kafara ili uniaibishe. Sijapata kuona mama wa namna hiyo.

Bado kuna njia. Kabla ya kamati kufika nitakuletea walimu wawili na madawati themanini. Utasema fomu zilijazwa kwa kukosea, kwamba ulichanganya walioidhinishwa na waliopo. Kosa la kalamu. Utapewa onyo, utabaki na cheo chako. Ukikataa, barua yako ya kuniomba upendeleo itakuwa mezani kwa kamati kabla yako.

Naibu Waziri


7 Machi

Mheshimiwa,

Sikumpa Kipaza kitu. Mtu yule sijawahi hata kumpa mkono. Kipindi cha kampeni alikuja kuomba uwanja wa shule nikamnyima, kama nilivyowanyima wa chama chako. Kama kuna nyufa, zitafute ukutani kwako.

Umenifunza lakini. Miaka mitatu naomba walimu napewa barua za kuambiwa nisubiri bajeti. Leo ndani ya wiki tatu wawili wanapatikana, na madawati themanini juu. Walikuwa wapi? Mlikuwa mmewaweka kabatini?

Kosa la kalamu, unasema. Mara tatu? Majina tisa? Hata mtoto wa darasa la pili asingenikubalia.

Barua yangu ipeleke. Itawaonyesha mama aliyemwombea mwanawe, na mkubwa aliyesema sawa. Hilo la mkubwa walisome kwa makini.

Na usinifundishe umama.

Mwalimu Mkuu


11 Machi

Baba mkwe, Mama,

Nawaandikia barua moja, nakala mbili, ili asiwepo wa kusema aliandikiwa tofauti.

Ni mimi. Majina tisa nilimpelekea mbunge mimi, kwenye bahasha ya wizara, nikaweka na hati yangu ya mshahara ili asidhani natunga.

Baba, ulimwambia mume wangu mimi najua. Ni kweli nilijua. Wewe ulijua, Mama alijua, afisa wa wilaya alijua, nami nikachapa. Tulikuwa watu wanne tunaojua, na watoto mia tisa na kumi na wawili wakaambiwa mbele ya nchi nzima kwamba ni wajinga na walimu wao ni wavivu. Nilisikia wenzangu ofisini wanaicheka shule ile. Mmoja alisema, "Huko labda maji yana kitu." Nilisoma shule ile, Baba. Nimefundisha pale. Nikacheka nao kidogo, ili wasishangae. Hicho kicheko ndicho kilichonitoa usingizini, si kingine.

Nimeomba kurudishwa kituoni. Mume wangu hanisemeshi tangu Jumanne. Anasema nimemvua nguo baba yake hadharani. Mtoto nitakuja naye.

Msijibizane tena kwa ajili yangu.

Mkamwana wako, Baba, mwanao, Mama


13 Machi

Mwanangu,

Nilikuficha miaka mitatu, umenianika kwa siku moja.

Ulishindwa nini kuniuliza? Ningekukatalia, najua, ndiyo maana hukuuliza. Afisa wa wilaya amekuja hapa asubuhi na askari wa upelelezi, wamechukua mafaili yote mbele ya wanafunzi. Watoto walisimama mstarini wanamtazama mwalimu wao mkuu akibebeshwa masanduku yake mwenyewe mpaka kwenye gari. Mmoja alinisaidia kushika upande. Nimebakiza miezi kumi na minne nistaafu. Mingi sana hiyo kuipoteza, kama hujui.

Unarudi, rudi. Sikuzuii, hiki ni kituo chako kwa mujibu wa orodha. Chumba chako kipo. Lakini usitarajie nikupokee kwa kukukumbatia. Nina hasira, na sitaki kuizima haraka kwa kuwa wewe ni mwanangu.

Mama yako


4 Aprili

Mheshimiwa,

Hukufika kwenye kikao cha kamati, ulituma mwakilishi aandike. Nami nakuandikia, usije ukaletewa nusu.

Walikuwa saba na mwenyekiti wao, katika darasa la sita, tumewapa madawati ya watoto na magoti yao hayakuingia. Mwenyekiti aliinua fomu. "Mwalimu, saini hii ya nani?"

"Yangu."

"Ulijua kwamba walimu hawa hawapo?"

"Nilijua."

"Kwa nini ukaandika?"

Nilikuwa nimejiandaa maneno ya heshima. Yakapotea. Nikasema, "Kwa sababu mmoja wao ni mwanangu, na nilimwombea mwenyewe. Mwaka wa kwanza niliandika saba, ikarudishwa. Niliogopa. Miaka iliyofuata sikuogopa hata, nilizoea."

Mbunge mmoja wa chama chako akadakia kwamba basi tatizo si serikali, tatizo ni mwalimu mkuu mwongo. Nikamwambia, "Mheshimiwa, mimi ni mwongo mmoja. Fomu hii imepita mikono mingapi mpaka ikafika bungeni, na hakuna hata mmoja aliyepanda gari kuja kuhesabu?" Kipaza akataka kupiga makofi, nikamkataza. Nilimwambia yeye ni mbunge wetu mwaka wa nane na leo ndiyo mara yake ya kwanza kuingia darasa hili.

Kisha wakataka kuona kipindi. Chaki Mbili akasimama mlangoni pake akafundisha hesabu za sehemu, kushoto na kulia. Wakakaa dakika ishirini.

Barua yangu uliyowapelekea waliisoma kwa sauti. Nilisikiliza nikitazama sakafu. Kisha wakasoma maneno uliyoandika wewe pembeni kwa wino mwekundu: "Aazimwe. Nafasi isijazwe." Kwa haraka yako ya kuniumbua hukuyaona?

Nimevuliwa ukuu wa shule. Hawakunifukuza. Nitafundisha darasa la nne mpaka siku yangu ya kustaafu, na mkuu mpya ameanza jana, kijana mpole, anaogopa kila mtu. Afisa wa wilaya amesimamishwa. Tumeletewa walimu watatu, mkuu huyo akiwemo, na mwanangu wa nne. Tumekuwa kumi na mmoja.

Nawe nasikia Rais amekuhamishia Mifugo. Hongera. Ng'ombe hawafanyi mtihani wa darasa la saba.

Mwalimu wa darasa la nne


20 Mei

Mama,

Sikuandikii kama kiongozi, nakuandikia kama mzazi mwenzako. Mambo ya kamati yamepita, ulichokitaka umekipata, na mwanangu yuko huku anakula peke yake mezani. Hilo nalo lihesabu.

Naandika kwa ajili ya mjukuu. Nimeambiwa mkamwana wangu amemwandikisha darasa la kwanza hapo hapo kwenu. Sikuamini. Nimemtuma dereva aje aone kwa macho. Amerudi akaniambia mtoto amekaa chini, kwenye kipande cha mkeka, begi mapajani, kati ya watoto ambao hakuweza kuwahesabu. Alinionyesha picha kwenye simu. Anatazama ubao na hauoni, kuna vichwa.

Huwezi kunifanyia hivi. Nichukie mimi. Mjukuu wangu hawezi kusoma kwenye chumba cha watoto mia moja na thelathini wenye mwalimu mmoja, wengine sakafuni. Hakuna mtoto anayeweza kujifunza kitu mahali kama hapo, hata awe na akili kiasi gani, hata mwalimu awe malaika. Hiyo si shule, ni ghala la watoto.

Arudishwe kwenye shule yake. Nitalipia kila kitu mpaka chuo kikuu. Gari litakuja Jumamosi. Zungumza na binti yako, wewe atakusikia.

Babu yake


27 Mei

Babu wa mjukuu wetu,

Gari lilifika Jumamosi. Dereva alikunywa maji, akasubiri mpaka saa nane, akaondoka tupu. Mama wa mtoto amekataa, na mimi sikumshawishi.

Umeandika kwamba hakuna mtoto anayeweza kujifunza kitu mahali kama hapo, hata mwalimu awe malaika. Nilisoma mstari huo nikausoma tena. Tangu Januari nimekuwa nautafuta kinywani mwako. Ungeusema pale uliposimama na vipaza sauti, mbele ya waliopiga meza, usingenipunguzia mimi kosa langu, lakini ungewapa watoto hawa walimu karibu miezi mitatu mapema. Umeusema leo, kwa siri, kwa ajili ya mtoto mmoja. Waliobaki mle chumbani nao wana mababu. Babu zao hawana magari ya kutuma.

Usidhani sisikii uchungu. Mkamwana wako na mimi hatujapatana vizuri bado. Tunasalimiana, tunapika pamoja, tunazungumza habari za chaki. Ile mia moja na thelathini ni hesabu yangu ya Januari; darasa la kwanza sasa limegawanywa mara mbili, yeye anafundisha nusu, sitini na watano, na mwanawe yuko kwenye nusu ile nyingine ili asipendelewe. Mtoto amepata mafua mara mbili. Aliuliza kwa nini darasa lake la zamani lilikuwa na mazulia na hili halina. Juzi nilipita dirishani nikamwona amesimama kwenye vidole apate kuuona ubao, shingo imenyooka hivi, akanichoma moyo. Nikaenda mpaka kwenye mlango. Nilikuwa namtoa, nakuambia kweli. Mkono ulikuwa umeshafika kwenye komeo.

Nikarudi darasa la nne. Nilijua nikimtoa yeye, kufikia mwezi wa saba chumba kile kitaanza kuonekana cha kawaida machoni pangu, na mwakani mkuu mpya akitaka kuandika kwenye fomu kwamba kinatosha, mimi ndiye nitakayempa kalamu.

Bibi yake